Kombaini Mezani Kwetu Lanet

Mume wangu alikuwa dereva wa kombaini, ile mashine kubwa ya kuvunia ngano, kule Mau Narok. Wenye mashamba makubwa ya ngano walimngoja zamu yao ifike, maana alikuwa akitoka shamba hili anaingia lile mpaka msimu unakwisha. Alijua ngano imekauka vya kutosha kwa kuiuma. Aliweka punje mdomoni, akaivunja kwa meno, akasema kesho, au akasema tungoje wiki moja, na sikuwahi kusikia mtu akibishana naye. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi huku Lanet. Tulionana wikendi, yeye akiwa bado na vumbi la mabua ndani ya masikio hata baada ya kuoga.

Watu huuliza kama alianguka na mashine. Hapana. Mashine ilikuwa imesimama. Mabua mabichi yalikuwa yamekwama kule juu karibu na tangi la nafaka, akapanda kuyatoa, kitu alichokuwa amefanya mara nyingi tu. Bati lilikuwa na umande. Aliteleza, akaanguka chali juu ya kile chuma cha kuvutia trela. Wenzake walimshika mikono na miguu, wakampakia nyuma ya pikapu, wakateremka naye hadi Nakuru. Walikuwa na nia njema na siwalaumu. Daktari alituambia kwamba hakuna anayeweza kujua kama uti wa mgongo ulivunjikia pale shambani au ndani ya pikapu. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia kitu tena.

Mwenye shamba alikuja hospitali na matunda, halafu akaja tena na mchungaji. Baada ya hapo simu yake ikawa haishikwi.

Nilimleta mume wangu Lanet, tukahamia nyumba ya chini isiyo na ngazi, na mama yake akaja kukaa nasi kwa sababu mimi lazima niwe darasani asubuhi. Hospitali walitufundisha kazi zote: kubadilisha mpira wa mkojo, kumgeuza kitandani, kumwinua kutoka kwenye kiti cha magurudumu ili damu ipite. Nesi mmoja mwenye sauti nzito alirudia jambo moja mpaka nikachoka kulisikia. Mtu asiyesikia makalio yake, alisema, hajui kama yanaoza.

Miezi ile ya kwanza aliangalia ukuta. Ukimuuliza atakula nini, alijibu, "Chochote." Ukimuuliza kama anataka kutolewa nje aote jua, alisema, "Kama mnataka." Alikuwa mtu wa mizaha, wa kuiga sauti za watu mpaka unashika mbavu, na sasa mama yake alikuwa akikaa kando ya kitanda akichambua maharagwe bila kusema neno, kwa sababu hakukuwa na wa kumjibu.

Siku moja nilirudi kutoka shuleni nikamkuta ameshika simu karibu sana na uso.

"Mwalimu," akasema. Hivyo ndivyo anavyoniita, kama mtaa mzima. "Hebu kuja uone."

Ilikuwa video ya mtu wa nchi za nje akicheza mchezo wa kompyuta wa ukulima. Alikuwa ndani ya kombaini, anavuna ngano, akifika mwisho wa shamba anainua kisu cha mbele, anageuza, anaingia mstari mwingine.

"Hiyo ni ile yetu kabisa," mume wangu akasema. "Hata kioo kiko vile. Lakini huyu hajui. Anaenda mbio sana, punje zinamwagika nyuma."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyokuwa amesema mwezi huo. Nikamuuliza kama angetaka kuucheza. Akasema ataucheza na nini.

Nilikuwa na laptopu ya zamani ambayo shule ilikuwa imeitoa ofisini. Windows ilikuwa imeishinda, inawaka polepole mpaka unaweza kwenda kuchota maji na kurudi. Fundi mmoja mjini Nakuru alikuwa ameniondolea hiyo Windows na kuniwekea Linux, ile ya bure, na tangu hapo nilikuwa naitumia kuandalia masomo bila shida. Nilimpigia nikamuuliza kuhusu mchezo.

"Mchezo huo ni wa Windows, mathe," akasema. "Kwa Linux hauingii hivi hivi. Lakini kuna kitu kinaitwa Wine. Ukiwa na subira unaweza."

Mama mkwe, ambaye ni wa kanisa lisilogusa pombe, alinisikia nikiulizia Wine kwa simu, akadhani ni divai. Alinitazama wiki nzima kama mtu aliyekuja kuuguza mgonjwa mmoja akakuta na mwingine. Ilibidi nimweleze nilivyoelewa mimi mwenyewe. Nilimwambia, Mama, ni kama kanisani mhubiri mgeni akija. Yeye anasema Kiingereza, na pembeni amesimama mkalimani anayegeuza kila sentensi. Mchezo unaongea Windows. Laptopu inajua Linux. Wine ndiyo mkalimani. Akafikiri, akasema basi tuombe mkalimani huyo asiwe kama yule wetu anayeruka maneno.

Aliruka maneno. Nilipakua mchezo kwa mtandao wa shule, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, vipande kwa vipande. Jumamosi nikakaa mezani, mume wangu kwenye kiti chake kando yangu. Nikauwasha. Skrini ikawa nyeusi, ikarudi ilivyokuwa. Nikajaribu tena. Nikasoma majukwaa ya mtandaoni, ambako watu wenye shida kama yangu waliandikiana kwa Kiingereza kigumu, kila mmoja na kompyuta yake na dawa yake. Nilijaribu dawa ya huyu, nikajaribu ya yule. Jumamosi ikapita, na iliyofuata nayo ikapita. Nilifunga laptopu mara kadhaa nikisema basi, kisha nikamwona ameangalia ukuta, nikaifungua.

Halafu siku moja sauti ilikuja bila picha. Skrini ilikuwa nyeusi kabisa, lakini ndani yake injini ya dizeli ilikuwa inanguruma. Nilinyoosha mkono kuzima.

"Usizime," akasema.

Tulikaa hivyo. Alikuwa amefumba macho. Mama yake alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Injini ilinguruma ndani ya kile kiza na mume wangu akasikiliza kama mtu anayesikiliza mtoto akipumua. Baadaye akasema, "Iko tu inalala. Bado haijaunganishwa na kisu." Kisha machozi yakaanza kumtoka, na hakuyapangusa. Sikuwa nimemwona akilia, hata hospitali.

Aliyetusaidia mwishowe ni mtu wa jukwaani nisiyemjua jina wala nchi. Nilimwandikia laptopu yangu ni ya aina gani. Akajibu kwamba kifaa chake cha picha ni cha zamani, hakijui njia mpya ambayo mkalimani anaitumia, kwa hiyo niandike mstari mmoja mbele ya amri ya kuwasha ili atumie njia ya zamani. Nikauandika herufi kwa herufi. Shamba likatokea. Lilikuwa linasuasua, na ngano ilionekana ya karibu tu, kule mbali pakiwa weupe mtupu.

"Ni sawa," mume wangu akasema. "Asubuhi Mau Narok ndivyo kulivyo. Toa mkono, nipe."

Sitasahau alivyogeuza mara ya kwanza. Hakuwa amewahi kucheza mchezo wa kompyuta maishani, vidole vyake ni vinene, alibonyeza herufi mbili kwa pamoja. Lakini alipofika mwisho wa shamba aliinua kisu mapema, akavuta pumzi, akageuza kombaini kwa upole mpaka meno yakakaa sawa na ukingo wa ngano iliyobaki. Mama yake akacheka kwa sauti. Yeye naye akacheka.

Kuanzia hapo akawa anaamka kabla yetu. Alitaka anyolewe ndevu. Alitaka kuwekwa kwenye kiti mapema, mezani, kabla sijaenda shule. Nikirudi alikuwa na habari za kunipa: amemaliza shamba la juu, mvua imemkuta kabla ya kumwaga, ameamua kuuza mashine ndogo anunue kubwa. Mama mkwe alinisimulia jinsi alivyomwita aje aone na kumweleza kila kitu kama mgeni wa mwenye shamba. Nilikuwa nikitembea kutoka shuleni haraka. Kwa muda niliamini tumerudishiwa mtu.

Sheria zilikuwa zile zile. Ajiinue kwa mikono kila baada ya muda mfupi, asukume kiti kwa viganja mpaka makalio yaachane na mto. Mama yake amtoe kwenye kiti alale kidogo kabla ya chakula cha mchana, halafu tena alasiri. Mama mkwe alikuwa anamkumbusha. Aliniambia baadaye kwamba jibu lilikuwa moja kila siku: "Nimeshajiinua, Mama." Na kuhusu kulala: "Ngoja nimalize hapa." Yeye ni mzee, mgongo unamuuma, na mwana mkubwa wa kiume akikuambia ngoja huwezi kumnyanyua kwa nguvu. Na alikuwa anacheka. Nani angemkatiza?

Niliona kwanza unyevu kwenye suruali nikifua. Nikafikiri ni mpira wa mkojo umevuja. Jioni nilipomgeuza kumwosha nikaona alama nyeusi upande wa kulia, mahali mfupa wa kukalia unapogusa, ndogo, kavu, kama ngozi iliyoungua kwa pasi. Nikaibonyeza na chini yake pakabonyea. Kulikuwa na harufu.

"Ni nini?" akauliza.

"Kidonda."

"Kikubwa?"

"Kidogo."

Na kweli juu kilikuwa kidogo. Kliniki wakatupa dawa ya kupaka na bandeji, lakini kabla wiki haijaisha ile ngozi nyeusi iliachia, na chini yake palikuwa na shimo. Homa ikapanda. Alianza kutetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Jirani mwenye gari alitupeleka hospitali, mimi nikiwa nyuma nimemlaza ubavu mapajani mwangu ili asikalie lile shimo, naye akinong'ona kwamba wamwage nafaka, tangi limejaa.

Walimkata nyama iliyokufa. Daktari wa upasuaji alinionyesha baadaye wakati wa kubadilisha bandeji, maana nilipaswa kujifunza, na ndani kabisa niliona kitu cheupe. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni mfupa. Nikatoka nje nikasimama kwenye korido nikishika ukuta, kisha nikarudi, kwa sababu alikuwa bado hajamaliza kunifundisha.

Nesi wa wodi hiyo alikuwa mwanamke wa rika langu. Alisimama na kalamu miguuni pa kitanda.

"Mama, huyu alikuwa anakaa kwa kiti muda gani kwa siku?"

Nikafungua mdomo. Mume wangu, ambaye tulidhani amelala, akasema bila kufumbua macho, "Kutwa."

"Kutwa nzima? Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa kazini."

Nesi akanitazama mimi. Akaandika, akaenda kitanda kingine. Mume wangu akageuza uso upande wa dirisha na nikaona shingo yake imekaza. Moyoni mwake hakuwa anadanganya. Nilimwelewa, na wakati huo huo nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba nilikaa juu ya mikono yangu.

Tulikaa hospitali muda mrefu. Aliporudi nyumbani alikuwa mwembamba, mikono ile iliyokuwa ikigeuza usukani imebaki mifupa na ngozi iliyolegea. Amri ilikuwa kwamba alale kifudifudi au ubavu, asikae kabisa mpaka kidonda kijae kutoka chini. Kila asubuhi kabla ya shule, na kila jioni, niliosha shimo hilo kwa maji ya chumvi, nikalijaza kwa bandeji iliyoloweshwa. Mama mkwe alishika taa ya simu.

Akaanza kuuliza laptopu. Niliiwasha siku moja, nikamkuta mkalimani amebadilika. Nilipokuwa hospitali nikiitumia kuandalia masomo, laptopu ilikuwa imejisasisha, Wine mpya ikaingia, na ule mstari wangu mmoja haukufanya kazi tena. Mchezo ulifunguka ukafa. Nikamwonyesha.

"Utaurekebisha Jumamosi," akasema.

"Hapana."

"Huwezi?"

Ningeweza kusema siwezi. Angeniamini, yeye alidhani yale mambo ya kuandika amri ni uganga. "Naweza," nikasema. "Sitaki."

Alinitazama kwa muda. Alikuwa amelala kifudifudi na alilazimika kupinda shingo ili anione.

"Mwalimu, unajua mimi nina nini kingine?"

"Unajua mimi nimeona mfupa wako?"

Akarudisha uso kwenye mto. Siku zilizofuata hakusema na mimi isipokuwa lile neno la zamani, chochote. Nilimwosha kidonda, nikamlisha, nikaenda kufundisha watoto wa watu kugawanya sehemu. Nilirudi nikamkuta vile vile. Jumapili moja mama mkwe alinifuata nilipokuwa naanika nguo.

"Mpe," akasema. "Mimi nimemzaa, na nakuambia mpe. Kama ni kufa, afe akiwa anavuna."

"Mama, sitaki afe."

"Sasa huyo aliye humo ndani unamwita mzima?"

Nililia pale kwenye kamba ya nguo, na yeye akachukua nguo zilizobaki akaanika mwenyewe. Hata hivyo sikuurekebisha.

Aliurekebisha yeye. Nilirudi siku moja ya juma nikasikia injini kutoka nje ya mlango. Alikuwa kifudifudi, kifua kimewekewa mito miwili, kichwa kimetokeza nje ya kitanda, na laptopu iko chini juu ya kigoda. Mama yake alikuwa amemletea. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kuinama. Alikuwa amesoma kwenye simu siku hizo zote nilizodhani ananinunia, jukwaa lile lile, Kiingereza kile kile kigumu, na aliacha shule akiwa darasa la saba. Alikuwa amegundua kwamba unaweza kuiondoa Wine mpya ukarudisha ile ya zamani.

"Nilirudisha yule mkalimani wetu wa kwanza," akasema. "Huyu mpya alikuwa hanielewi."

Nikaketi sakafuni na mkoba wangu bado begani. Sikujua kama nafurahi. Nilimuuliza shingo inauma. Akasema sana. Nikainua kigoda kwa vitabu viwili vya shule ili asiiname hivyo.

Hapo ndipo tulipofikia makubaliano, bila kuyaita hivyo. Hakuna kiti. Ni kifudifudi tu, na shingo ikichoka anaacha, na shingo ilichoka haraka. Shamba ambalo zamani alilimaliza asubuhi moja sasa lilimchukua wiki. Kidonda kilianza kujaa. Nilikipima kwa kidole kila jioni na kila jioni kidole kilisimama mapema kidogo kuliko jana yake. Mwishoni mwa mwaka ngozi ilikutana juu, nyembamba, ya waridi. Mama mkwe alitoa shukrani kanisani. Miezi michache baadaye ikafunguka tena yenyewe, na usaha ukatoka. Daktari alisema mfupa wenyewe umeshika maambukizi, na kwamba vidonda vya namna hii huziba na kufunguka tena.

Likizo hii iliyopita mikono yake ilikuwa dhaifu. Alikuwa amebonyeza kwa muda mfupi tu akaacha.

"Kaa hapo uendeshe," akaniambia. "Nitakuelekeza."

Nilikaa sakafuni kando ya kichwa chake. Sijui kuendesha hata gari. Aliniambia herufi ya kushusha kisu, herufi ya kuwasha meno, na nikaingia ngano kombo, nikaacha mstari wa mabua yaliyosimama nyuma yangu kama nywele alizoruka kinyozi.

"Punguza mwendo. Unaacha chakula."

"Inaenda yenyewe."

"Haiendi yenyewe. Achia hiyo. Sasa shika upande wa kushoto, taratibu. Usiangalie mashine, angalia ngano."

Pumzi yake ilikuwa sikioni mwangu, yenye joto la homa ambayo sote wawili tulikuwa tunajifanya hatuioni. Tulivuna mpaka tangi likajaa. Aliniongoza nikasimama sawa na trela, bomba likafunguka, nafaka ikamwagika, na hata kelele yake ilikuwa nzuri kusikia. Akasema kwa mtu wa darasani sikuwa mbaya sana.

Mama mkwe akaleta maji ya chumvi. Niliifunga laptopu, nikaosha mikono, nikafungua bandeji. Kidole changu kiliingia kikaendelea kuingia, na pembeni, chini ya ngozi iliyoonekana nzima, kulikuwa na njia nyingine mpya inayoelekea kwenye nyonga.

"Kimeongezeka?" akauliza kutoka kwenye mto.

Mama yake, mwenye taa, akanitazama.

"Kimeongezeka," nikasema.

Akaniambia nifunge vizuri kisivuje njiani, na nimpigie jirani mwenye gari ili kesho tutoke mapema, kabla ya foleni ya hospitali kuwa ndefu.